Jela ya wanawake jukwaani: anza na sakafu, si nondo

Geti la chuma ndilo huharibu michezo mingi ya jela. Fundi hulichomelea pana, likasimamishwa mbele ya jukwaa, nao waliokaa pembeni wasione uso wa mwigizaji hata mmoja. Liacheni. Selo huaminika kwa sakafu na sauti.

Bandika utepe mweupe sakafuni, mita 2 kwa 3, kwa wanawake sita. Nafasi iwe haba kiasi kwamba mmoja hanyooshi miguu mpaka mwenzake akunje yake. Mlango ni pengo la sentimita 80, na hapo tu ndipo watu hupita. Utepe uwepo tangu zoezi la kwanza: ukuta usioonekana hufa mara tu mtu anapoukanyaga, na aliyezoea kuuvuka mazoezini atauvuka hata siku ya onyesho.

Kufuli iwe ya kweli, pamoja na mnyororo wa mita moja, na zipigwe nyuma ya pazia na mtu asiye na kazi nyingine. Sauti ya kurekodi hutoka kwenye spika juu ya vichwa vya watazamaji wakati mlango uko kushoto, na sikio halidanganyiki. Mpangilio usibadilike: mnyororo, ufunguo, komeo. Watazamaji wakishauzoea, siku moja ruka komeo, uone ukumbi utakavyotulia.

Ukitaka kivuli cha nondo, kata mbao nyembamba za sentimita 3, ziachane sentimita 10, uzitundike nusu mita tu kutoka ukutani. Taa iwe ndogo, mita 4 nyuma yake. Wengi huziweka karibu na taa, kisha wanashangaa kivuli kimekuwa ukungu. Taa ndefu ya mrija haifai kabisa.

Hadithi nayo ina mtego wake: askari wa kiume anayeingia selo peke yake usiku. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa (2015) kuhusu matunzo ya wafungwa, namba 81, zinataka afuatane na askari wa kike. Kama mchezo wako unahusu uvunjaji wa kanuni hiyo, wahusika waonyeshe kwamba wanaijua. Kama sivyo, mweke afande wa kike mlangoni, kimya. Ukimya wake utaongeza joto kuliko maneno.

Mtoto je? Nchini Kenya sheria humruhusu kukaa na mamaye gerezani hadi miaka 4, kwa hiyo siku hiyo ya kuzaliwa inatosha kubeba mchezo mzima. Kwa mtoto mchanga, usimpe mwigizaji mwanasesere mtupu. Mikono yake itamsaliti. Funga pakiti mbili za unga, kila moja kilo 2, ndani ya blanketi, na azibebe kwa leso tangu wiki ya kwanza, hadi mgongo wenyewe ujifunze kuinama.