Daktari wa wilayani: namna ya kumwandaa ili abaki

Halmashauri ya wilaya nchini Tanzania haichagui nani asomee udaktari. Inachoweza ni kupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na kuwalaza pazuri. Waliokulia kijijini hurudi kwa urahisi zaidi, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2010 uliohuishwa 2021, linataka vyuo viwape nafasi.

Daktari mpya akishapangiwa kituo, Mganga Mkuu wa Wilaya akague mwenyewe nyumba atakayokaa daktari huyo: maji, kitasa, umeme au sola, choo. Posho ya kujikimu iwe tayari siku anaporipoti. Ikichelewa ataanza kukopa kwa wauguzi anaowasimamia, na hapo pameharibika.

Mwezi wa kwanza afanye kazi bega kwa bega na mzoefu: upasuaji wa kutoa mtoto, ganzi ya uti wa mgongo, kutokwa damu baada ya kujifungua, malaria kali ya watoto. Asiachiwe zamu ya usiku peke yake kabla ya hapo. Baadaye awe na namba ya bingwa wa mkoa anayepokea simu kweli, si ile iliyobandikwa ukutani.

Anayeitwa kila usiku hadumu. Pangeni angalau wawili wapokezane. Mwenza wake akiwa mtumishi, fuatilieni uhamisho wake mapema. Ruhusa ya masomo ya ubingwa nayo iandikwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, ikitaja mwaka. Ahadi ya mdomo hupotea bosi akihamishwa.