SOMO: Wikendi ya mwanafunzi Ujerumani, kuanzia friji tupu hadi mifupa ya Tendaguru

Jumapili yangu ya kwanza Magdeburg niliamka saa nne asubuhi, tumbo linanguruma, kwenye friji kuna nusu kitunguu na maziwa ya mwenzangu wa chumba cha pili. Nikavaa koti, nikashuka hadi supamaketi. Mlango umefungwa. Taa zimezimwa, uwanja wa kuegesha hauna hata gari moja. Nikaenda duka la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Kusema kweli nilidhani kuna msiba wa taifa. Siku hiyo nilikula mkate mkavu wa kituo cha mafuta, kwa bei ambayo mpaka leo sijaisamehe.

Haikuwa msiba, ilikuwa Jumapili tu. Ujerumani Jumapili inalindwa na katiba yenyewe: kifungu cha 140 kimebeba maneno ya katiba ya mwaka 1919, kwamba Jumapili na sikukuu ni siku za kupumzika kazi na kuinua roho. Wanafunzi wengi wageni huishia kuiona kama siku iliyokufa, wanalala mpaka jioni. Mimi nasema ndiyo siku bora ya kutembea, ila sharti uiandae tangu Jumamosi. Somo hili ni kwa wale wanaoanza muhula.

HATUA YA 1: Jumamosi, nunua chakula na urudishe chupa

Maduka mengi hufunga saa mbili usiku, mengine saa nne. Usisubiri hiyo saa mbili, maana mji mzima nao utakuwa kwenye foleni. Nunua cha kula Jumapili pamoja na cha kubeba njiani, hasa maji. Mgahawani ukiagiza maji utaletewa ya kulipia, tena mara nyingi yenye gesi. Ukitaka ya kawaida sema "still".

Ukienda dukani beba chupa zako tupu. Kopo na chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25, inaitwa Pfand. Chupa ya bia ya kioo ni senti 8. Kuna mashine ukutani yenye tundu la duara: unaingiza chupa kitako mbele, inaizungusha kama mtu anayesoma lebo kwa miwani, halafu inaimeza. Ukiwa umeiminya ikapondeka, inakutemea. Mwisho bonyeza kitufe kikupe karatasi, umpe keshia. Chupa kumi na mbili za plastiki ni euro 3. Sasa utaelewa kwa nini watu mtaani hawaitupi chupa ndani ya pipa, bali huiegemeza kando yake. Kuna wanaoishi kwa kuokota, na kuwaepusha kuingiza mkono kwenye taka ni ustaarabu. Nawe fanya hivyohivyo.

HATUA YA 2: Tiketi

Hapa nitakwenda haraka. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, Januari 2025 ikawa euro 58, Januari 2026 ikafika euro 63. Vyuo vingi vina ya wanafunzi, bei yake ni asilimia 60 ya hiyo, na hukatwa ndani ya mchango wa muhula. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote angalia, huenda tayari unayo kwenye simu.

Inakupandisha treni za mikoa (RE, RB), treni za jiji (S-Bahn), treni za chini ya ardhi (U-Bahn), tramu na mabasi ya mjini nchi nzima. Haikupandishi treni za masafa marefu: ICE, IC wala EC. Unapotafuta safari kwenye programu ya simu, chagua usafiri wa mikoa tu, vinginevyo utaonyeshwa ICE ya saa moja ufurahi bure. Ukinaswa bila tiketi halali ni euro 60, na kusema "mimi mgeni" hakujawahi kumsaidia mtu.

HATUA YA 3: Kupanda treni, na jinsi nilivyopotea nikiwa nimekaa

Treni ilikuwa sahihi, platifomu sahihi, saa sahihi. Nikakaa behewa la nyuma kwa sababu lilikuwa na nafasi, nikalala. Kuamka nje ni mashamba matupu na kituo kidogo chenye benchi moja. Kumbe treni hukatwa njiani! Nusu ya mbele inakwenda mji mmoja, nusu ya nyuma mji mwingine. Walitangaza, ila kwa Kijerumani, nami nilikuwa usingizini. Nilikaa kwenye lile benchi dakika hamsini na tano na bibi mmoja mwenye mbwa, akanigawia nusu ya tufaha lake bila kuniuliza neno.

Tangu hapo kabla ya kukaa husoma kibao cha ndani ya behewa. Kariri maneno matatu: "vorderer Zugteil" ni sehemu ya mbele, "hinterer Zugteil" ni ya nyuma, na ukisikia "geteilt", yaani inagawanywa, inua kichwa.

HATUA YA 4: Berlin kwa siku moja, lakini si ile ya kwenye kadi za posta

Kutoka kwangu RE1 hufika Berlin bila kubadilisha, chini ya saa mbili. Lango la Brandenburg utaliona tu, huwezi kulikosa. Kuba la bunge, Reichstag, kuingia ni bure ila unajiandikisha mapema mtandaoni na unakwenda na pasipoti. Kipande cha ukuta cha East Side Gallery kina urefu wa kilomita 1.3 na kipo nje, hakina mlango wala tiketi. Ukuta ulijengwa Agosti 1961, ukaanguka Novemba 1989. Picha moja mbili, endelea.

Mimi nakushauri ushuke stesheni ya Friedrichstraße, uchukue U-Bahn namba U6 kuelekea kaskazini. Vituo viwili tu, Naturkundemuseum, makumbusho ya historia ya asili. Lipa bei ya mwanafunzi, ingia ukumbi wa kwanza, halafu tazama juu.

Pale amesimama Giraffatitan, kimo chake mita 13.27, mifupa mirefu kuliko yote ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani. Shingo inapanda mpaka inakaribia paa la kioo. Soma kibao: Tendaguru. Ndiyo, Tendaguru ya Lindi! Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, enzi za mkoloni. Vibarua kwa mamia walichimba, wapagazi wakabeba mzigo kichwani na mabegani siku kadhaa kwa miguu mpaka pwani, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Siku niliyokwenda, mtoto mmoja wa Kijerumani alikuwa amelala chali sakafuni ili aione shingo yote. Mama yake hakumkemea, nami nikatamani nilale pembeni yake.

Ukitoka, rudi U6, endelea kaskazini ushuke Rehberge au Afrikanische Straße. Huu ni mtaa wa Wedding, na eneo lenyewe linaitwa Mtaa wa Kiafrika. Utapita Sansibarstraße, Tangastraße, Ugandastraße. Majina hayo hayakuwekwa kwa mapenzi, yalikuwa ya kujivunia makoloni. Ila tafuta vibao vipya. Kulikuwa na barabara ya Petersallee, iliyopewa jina la mkoloni Carl Peters mwaka 1939. Mwaka 1986 wakasema sasa ni ya Peters mwingine, mtu mwema, jina likabaki lilelile. Watu hawakuridhika. Agosti 2024 ikagawanywa vipande viwili: kimoja Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke aliyeuawa Windhoek, Namibia, mwaka 1959, na kingine Maji-Maji-Allee.

Nilisimama chini ya kile kibao cha Maji-Maji dakika nzima. Ni barabara ya makazi tu, miti, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo, mtu anamwaga maji kwenye maua barazani. Kabla ya hapo, Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa ameomba radhi Songea kwa yale ya 1905 hadi 1907. Sikutarajia kusoma jina la vita vile kwenye anwani ya mtu ya kupokelea barua.

Ukitembea Berlin tazama chini pia. Utaona vijiwe vya shaba ya manjano, sentimita kumi kwa kumi, vimepandwa kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba: "Hier wohnte", hapa aliishi, kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, na yaliyompata mikononi mwa Wanazi. Msanii Gunter Demnig ndiye aliyevianzisha, na mwaka 2023 vilifika 100,000. Usivikwepe kama kwamba kuvikanyaga ni mwiko. Inama usome.

HATUA YA 5: Kurudi kimyakimya

Ukifika usiku usivute sanduku la magurudumu kwenye ngazi. Saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu, na Jumapili ni utulivu mchana kutwa: hakuna kutoboa ukuta, na kwenye nyumba nyingi hakuna kuwasha mashine ya kufulia. Hata chupa za kioo zisizo na amana haziruhusiwi kutupwa kwenye pipa lake Jumapili kwa sababu ya kelele. Mimi nilitupa tatu. Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka kabla ya chupa ya tatu kutua.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada asante kwa somo. Nimesikia makumbusho za Berlin ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kweli?

Jibu: Ilikuwa kweli. Mpango huo ulikatwa mwisho wa 2024 fedha zilipopungua. Ukikuta ushauri huo mahali, angalia umeandikwa mwaka gani.

Swali: Mkuu, mkaguzi amenikuta simu imezima chaji na tiketi imo ndani. Kaniandikia 60. Ndiyo basi?

Jibu: Hapana, usilipe haraka. Kama tiketi ina jina lako na ilikuwa hai saa ile, ipeleke kwa waliokuandikia ndani ya wiki moja. Kwa kawaida inashuka hadi euro 7. Nunua na benki ya chaji, zipo bei ndogo kuliko hiyo 60.

Swali: Naweza kwenda Paris wikendi kwa kibali changu cha mwanafunzi, au niombe viza nyingine?

Jibu: Kibali cha kukaa Ujerumani kikiwa hai, pamoja na pasipoti, kinakuruhusu kuzuru nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba vyote viwili, si picha kwenye simu. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua watu kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na mara nyingi kukaguliwa ni wakati wa kurudi. Uingereza haimo humo, usijaribu.

Swali: Shikamoo dada. Kuna mwenzetu darasani amenialika Jumapili kahawa na keki, "halb vier". Nifike saa ngapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, umeniponya kwa kuuliza. Mimi hili lilinila. Vier ni saa kumi, nikajumlisha nusu, nikatokea saa kumi na nusu nikiwa natabasamu. Keki ilikuwa imebaki makombo. "Halb vier" ni nusu ya kuelekea nne yao, yaani saa tisa na nusu. Na saa tisa na nusu ni saa tisa na nusu. Zile dakika kumi na tano za kuchelewa zinazoruhusiwa kwenye mihadhara, ukiona "c.t." kwenye ratiba, haziendi nyumbani kwa watu. Mlangoni uliza kama uvue viatu.

Swali: Samahani kwa swali hili. Nimealikwa ziwani na sauna. Ni kweli watu wanakuwa uchi?

Jibu: Ziwani, pale penye kibao cha FKK, ndiyo, wazee kwa vijana, wala hakuna anayemtazama mwenzake. Pasipo kibao vaa nguo zako za kuogelea. Sauna nyingi ni mchanganyiko, na nguo za kuogelea hazitakiwi ndani, unakalia taulo. Una haki ya kukataa, sema tu "nitawasubiri kwenye kahawa", hawachukii. Na simu iache kabatini kabisa, hilo halina mjadala.

Swali: Taa nyekundu ya waenda kwa miguu, hakuna gari hata moja, kuna ubaya nikivuka?

Jibu: Faini ni euro 5. Ila faini ndiyo ndogo. Kukiwa na mtoto amesimama, mzazi wake atakusemesha mbele za watu, na atakuwa na haki.

Swali: Dada nimesoma somo hili leo Jumapili saa tano asubuhi. Friji yangu ina haradali tu.

Jibu: Pole! Waoka mikate wengi hufungua saa chache asubuhi, kimbia sasa kabla ya saa sita. Ukikosa, nenda stesheni kuu ya treni, maduka ya ndani ya stesheni yanaruhusiwa kufungua. Foleni itakuwa ndefu, nusu yake wanafunzi kama wewe.