Pampu zilizokufa: grupu la WhatsApp na jedwali moja vinavyoweza kuzipata (mwongozo kwa kata za Tabora)

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kijiji kimoja cha wilaya ya Uyui kinaweza kuwa na pampu za mkono sita na asiwepo mtu hata mmoja anayejua hali ya zote sita. Anayechota kwa mwenyekiti hajui habari za shuleni. Wa bodaboda kazipita zote lakini hakushuka. Fundi anazijua alizozigusa yeye. Taarifa ipo, ila kila mtu ameshika kipande chake. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuvikusanya vipande hivyo na kuvipima katika kata moja, visima 30 hadi 60, kwa simu na kompyuta moja.

Hatua ya 1: Vifaa na watu

Fungua grupu la WhatsApp, fungua fomu ya KoboToolbox (mfumo wa kukusanyia taarifa kwa simu; fomu haina gharama kwa kazi ya ukubwa huu, na hujazwa hata pasipo mtandao), fungua jedwali la kawaida. Usimtafute mtu wa kukutengenezea programu mpya ya simu. Watu hawataipakua, na bando watalitunzia mambo yao.

Ongea na mtendaji wa kijiji na jumuiya ya watumia maji kabla ya kuanza.

Hatua ya 2: Kila kisima kiwe na namba yake

Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii hufia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kisima kimoja huwa na majina matatu. Wanaokaa juu wanakiita "cha shule", wanaokaa chini "cha kanisani", wazee "cha mradi". Ukikusanya ripoti kwa majina utapata visima vitatu, kimoja kizima, kimoja kibovu, kimoja hakieleweki. Kinyume chake nacho hutokea: "kisima cha shule" ni viwili, cha zamani kilichokauka na kipya kilicho mita 40 kutoka hapo. Hakuna hesabu ya kompyuta itakayokuokoa kama hili halijanyooka.

Kwa hiyo zunguka na mtu wa kijiji, fika kwa kila kisima, kipe namba fupi: herufi tatu za kata na tarakimu mbili, kwa mfano NDO07 kwa kata ya Ndono. Iandike kwa rangi ya mafuta kwenye ukingo wa sakafu ya zege, upande usiomwagikiwa maji. Usiandike kwenye kichwa cha pampu. Kichwa hung'olewa wakati wa matengenezo na kinaweza kufungwa kwenye kisima kingine, na namba inahama nacho. Namba ni ya shimo.

Kisha chukua eneo kwa GPS ya simu. Simama nje ya kivuli cha mwembe, subiri kama dakika moja, na usihifadhi mpaka fomu ionyeshe usahihi wa mita 10 au chini yake. Kama unatumiwa eneo kwa WhatsApp, mwambie mtumaji achague eneo lake la sasa. Chini yake WhatsApp huorodhesha sehemu zenye majina zilizo jirani, na wengi hubonyeza hizo kwa sababu wanaona jina la shule wanalolijua. Unaletewa shule, kisima hakimo.

Sasa angalia tarakimu zenyewe. Tabora mjini iko karibu na latitudo -5.02 na longitudo 32.8. Alama ya kutoa ikidondoka wakati wa kunakili, kisima chako kinahamia Sudan Kusini. Ukigeuza mpangilio, longitudo ikatangulia, kinaangukia Moroko. Hesabu mbili za MIN na MAX (tarakimu ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote) kwenye kila safu zinatosha kuwakamata wote waliopotea. Msiba huu si wa wanaoanza tu. Takwimu za vituo vya maji vya Tanzania zilizokusanywa na mfumo uitwao Taarifa pamoja na Wizara ya Maji, zile ambazo watu wa dunia nzima huzitumia kufundishia kompyuta kubashiri pampu mbovu, zina mistari 59,400 yenye majibu (hali ya pampu imeandikwa), na zaidi ya 1,800 kati yake ina longitudo sifuri. Visima hivyo, ukivitazama kwenye ramani, vimo katika Bahari ya Atlantiki. Katika takwimu hizohizo zaidi ya theluthi ya vituo vimeandikwa havifanyi kazi, kwa hiyo kila mstari uliopotea una uzito.

Kutafuta visima vilivyoandikwa mara mbili, pima umbali. Digrii moja ni takriban kilomita 111, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta unaweza kutumia hesabu ya pembetatu ya darasani bila kosa la maana:

=111000*SQRT((lat1-lat2)^2+(lon1-lon2)^2)

Jozi yoyote iliyo chini ya mita 60, usiiunganishe kwa kompyuta. Itazame kwa picha. Fomu iombe picha moja inayoonyesha pampu na namba ya rangi pamoja. Hapo ndipo utakapovitenganisha visima viwili vya shule.

Hatua ya 3: Uliza kitu kinachopimika

"Kisima kina hali gani?" utajibiwa "nafuu". Weka jibu kwa tarakimu:

2 = ndoo ya lita 20 inajaa ndani ya dakika 2
1 = inajaa, lakini kwa zaidi ya dakika 2
0 = maji hayatoki
9 = imefungwa kufuli, sikuweza kupima

Hiyo 9 usiiache. Pampu nyingi hufungwa mchana, na mpita njia anayekuta kufuli atakuandikia kwamba imekufa.

Ongeza swali moja kwa fundi: mpini umepigwa mara ngapi kabla maji ya kwanza kutoka, baada ya pampu kupumzika nusu saa? Zaidi ya mara 5, shuku valvu ya chini, inavujisha maji kurudi shimoni. Mpini ukiwa mwepesi ghafla na maji hayatoki kabisa, shuku rodi imekatika au imeachia. Jibu hilo linampa fundi nafasi ya kuja na kifaa sahihi safari ya kwanza.

Mwenye kitochi atume SMS: NDO07 0. Basi.

Hatua ya 4: Ripoti zisipite kwenye grupu

Grupu ni la matangazo na la kuwaita watu. Ripoti ziingie kwenye fomu au kwenye simu yako moja kwa moja. Mtu mmoja akiandika kwenye grupu "NDO07 imekufa", wanane wakajibu "kweli kabisa", una ripoti moja. Wale wanane wamemsoma mwenzao, hawakushika mpini. Ujumbe uliosambazwa nao uhesabu mara moja tu, kwa aliyeuandika. Nguvu ya watu wengi iko pale macho yao yanapokuwa mbalimbali, kila mmoja kaona kwa wakati wake, na ndiyo sababu weka matokeo kwenye grupu baada ya wiki kuisha, si kabla.

Kuwapata watu, lipa anayeripoti na aliyemleta. Desemba 2009 shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, DARPA, lilitundika maputo mekundu 10 sehemu mbalimbali za nchi hiyo na kuahidi dola 40,000 kwa watakaoyapata yote kwanza. Timu ya chuo kikuu cha MIT ilishinda ndani ya saa 9. Aliyeona puto aliahidiwa dola 2,000, aliyemwalika 1,000, aliyemwalika huyo 500, hivyo hivyo kwenda juu. Kila mtu alikuwa na sababu ya kumwambia mwenzake badala ya kunyamaza ashinde peke yake. Kwa kata moja, vocha ya shilingi 500 kwa ripoti na 250 kwa aliyemwalika inatosha. Ishie hapo, ngazi mbili. Na usilipe mpaka mtu wa pili, asiyetoka nyumba moja na wa kwanza, athibitishe kisima hicho. Ukilipa kwa ripoti tupu utaletewa ripoti tupu.

Wape kipaumbele kina mama na watoto wanaochota. Wao wako pampuni kila siku.

Hatua ya 5: Mpe kila mtu uzito wake

Kura za kawaida hudanganya, kwa sababu wapo wanaopima na wapo wanaokisia. Fanya hivi kwenye jedwali.

Chagua visima 10 ambavyo umeviona kwa macho yako wiki hiyo, vikiwemo angalau vinne vibovu. Linganisha majibu ya kila mtu na ukweli huo (zenye 9 zitoe zote; zenye 1 na 2 zihesabu "inatoa"). Uzito wake ni:

=MAX(0, LN((sahihi+1)/(makosa+1)))

Kwa mfano, baada ya majibu 20, aliyepatia 18 akakosea 2 anapata 1.85. Aliyepatia 11 akakosea 9 anapata 0.18. Maana yake wa kwanza peke yake anawazidi kumi wa aina ya pili. Mgeni asiye na historia mpe 0.7, la sivyo kanuni itampa sifuri na hatasikika kamwe.

Kwa kila kisima jumlisha: ripoti ya "inatoa" ongeza uzito wa mtu, ripoti ya "haitoi" punguza. Jumla ikipita +2 kihesabu kizima. Ikishuka chini ya -2 kihesabu kimekufa. Katikati hapo mtume mtu akaangalie. Hata yule wa 1.85 hafiki 2 peke yake, anahitaji mwenzake, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kisha tumia visima vilivyoamuliwa kukokotoa uzito upya, na urudie mpaka hakuna kisima kinachobadilika. Mara tatu au nne hutosha.

Angalizo moja kubwa. Mtu anayejibu "inatoa" kila mara atapatia mara nyingi, kwa kuwa pampu nyingi ni nzima. Hesabu pembeni amepatia mangapi kwenye visima vibovu tu. Kama ni sifuri kati ya vinne, mpe uzito 0 hata kama jumla yake inapendeza.

Ripoti izeeke pia. Kiangazi, itupe baada ya siku 30. Mvua zikianza, futa zote uanze upya, kwani kisima kilichokauka Oktoba kinaweza kuwa na maji Machi.

Hatua ya 6: Akili mnemba

Itumie kwa jambo moja: kugeuza ujumbe wa maneno kuwa mistari ya jedwali. Ondoa kwanza majina na namba za simu. Iambie iandike HAKUNA pale namba ya kisima isipotajwa, vinginevyo itajaza inayoelekea kufaa, na utakuwa umeongeza ripoti ambayo hakuna mtu aliyeitoa. Soma mstari mmoja kati ya kumi mwenyewe.

Hatua ya 7: Orodha

Karatasi moja: namba ya kisima, eneo, tarehe, dalili, jumla ya uzito. Nakala moja kwa jumuiya ya watumia maji, moja ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini. Majina ya walioripoti yabaki kwako. Fundi akishatengeneza, siku ya saba waombe watu wawili wapime ndoo tena, na kisima kiandikwe kizima baada ya majibu yao.