Kupima Umbo la Chembe za Rangi ya Madini kwa Hadubini

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla hata hujatazama kwenye lenzi, kwa kuwa chembe zilizoshikamana husomeka kama chembe moja kubwa yenye umbo ambalo halipo. Koroga unga wa rangi kwanza, maana chembe kubwa na ndogo hujitenga zikikaa. Kisha chota kidogo sana, utie kwenye maji yenye kitawanyishi (dawa inayozuia chembe zisishikamane), na uzitenganishe chembe kwa mawimbi ya ultrasauti. Usizisage wala usikandamize kioo cha kufunikia, kwani chembe zenye umbo la sindano, kama za oksidi ya chuma ya manjano, huvunjika kwa urahisi.

Pima ukuzaji wa kila lenzi kwa slaidi yenye mizani, ambayo kwa kawaida huwa na milimita 1 iliyogawanywa mara 100, yaani mikromita 10 kwa kila kigawanyo. Mwanga wa kawaida hauwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya takriban mikromita 0.2, kwa hiyo dioksidi ya titani ya rangi nyeupe, ambayo chembe zake nyingi ni za mikromita 0.2 hadi 0.3, itakupa vivuli tu; hiyo ipeleke kwenye hadubini ya elektroni.

Katika picha, pima urefu na upana, kisha ugawanye wa kwanza kwa wa pili: sindano ya mikromita 0.6 kwa 0.1 ina uwiano wa 6. Kipimo cha pili ni umviringo, yaani 4π mara eneo, ugawanye kwa mzingo uliozidishwa kwa wenyewe. Duara hupata 1, mraba hupata 0.785. Binafsi nauamini uwiano zaidi, kwa sababu mzingo wa chembe iliyochukua pikseli chache huwa na kingo za ngazi, na baadhi ya programu hutoa umviringo unaozidi 1, jambo lisilowezekana.

Chembe za mika, madini yenye umbo la bamba jembamba, zinahitaji tahadhari ya pekee. Hulala kifudifudi juu ya kioo, hivyo unaona uso mpana na kuukosa unene kabisa. Zigandishe kwenye resini, ukate, ung'arishe, kisha upime ubavu wake, ukikumbuka kwamba bamba lililokatwa kwa mshazari litaonekana nene kuliko lilivyo.

Acha chembe zinazogusa ukingo wa picha, pima mamia kutoka sehemu mbalimbali za slaidi, na uandike mtawanyo wote wa matokeo pamoja na wastani.