Namna ya Kudai Umeme wa Uhakika na wa Bei Nafuu kwa Viwanda vya Tanga

Kabla ya kuandika barua yoyote, tenganisha madai mawili ambayo wenye viwanda wengi huyachanganya: bei na uhakika. Bei huidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa nchi nzima, wala haitabadilishwa kwa ajili ya Pongwe au Amboni peke yake. Uhakika wa laini inayofika getini kwako, kwa upande mwingine, ni jambo ambalo mara nyingi linaweza kushughulikiwa na ofisi ya mkoa ya TANESCO, shirika la umeme, na kwa sababu hiyo nashauri uanze nalo.

Anza na daftari. Nilipokuwa msimamizi wa umeme katika kiwanda kimoja cha chokaa, barua yangu ya kwanza ya malalamiko ilisema kwamba umeme "unakatika mara kwa mara", na nilipoisoma tena baada ya miezi kadhaa niliona haya, kwa maana haikuwa na tarehe hata moja. Ndipo tulipofungua kaunta buku katika chumba cha swichi, na fundi wa zamu akawa anaandika tarehe, saa na dakika umeme ulipokatika, saa uliporudi, mashine zilizosimama, na muda uliopita hadi uzalishaji ulipokaa sawa. Muda huo wa mwisho ndio wenye hasara kubwa. Umeme ukiyumba kwa nusu sekunde tu, taa hupepesa na mtu wa ofisini asitambue, ilhali kontakta za mota (swichi zinazoshikwa na umeme wenyewe) zimekwisha kuachia na kazi ya saa mbili imeharibika. Tukio kama hilo huenda lisionekane kabisa katika kumbukumbu za kukatika kwa umeme, hivyo usipoliandika wewe hakuna atakayeliandika.

Daftari letu lilionyesha jambo ambalo hatukulitazamia: matukio mengi yalikuwa ya alfajiri, hasa baada ya siku nyingi bila mvua. Chumvi ya bahari huganda juu ya vikombe vya nguzo, vile vinavyozuia umeme wa waya usipite kwenye nguzo; umande ukiilowesha hupitisha umeme, na laini hujikata. Ombi letu likawa fupi: vikombe vya kipande fulani cha laini visafishwe au vibadilishwe. Ombi la namna hiyo mhandisi anaweza kulipangia gari na mafundi.

Hasara nayo ieleze kwa lugha ya kazi yako. Mwenye shamba la mkonge aseme ni majani kiasi gani yaliyokwisha kukatwa yalikauka yakisubiri korona, mashine ya kutoa nyuzi. Mwenye saruji aeleze kwamba tanuri ambamo malighafi hufikia nyuzi 1,450 haliachwi lisimame likiwa na moto, bali huzungushwa polepole kwa injini ya akiba ili lisipinde. Ongeza dizeli ya jenereta, ukiambatanisha risiti.

Upande wa bei, jichunguze kwanza. Mteja mkubwa halipi uniti peke yake. Hulipia pia kiwango cha juu cha kVA, yaani kipimo cha umeme wote anaouvuta kwa wakati mmoja, alichofikia katika mwezi. Kiwanda chenye mzigo wa kilowati 900 na pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi halisi) ya 0.75 hufikia kVA 1,200, na kikifunga kapasita, vifaa vya kuinua pawa fakta, hadi 0.95 hushuka hadi kVA 947 hivi. Kwa tozo ya shilingi 13,200 kwa kila kVA, iliyomo katika bei za mwaka 2016 za wateja wa msongo wa kati (wanaopokea umeme wa volti za juu kuliko za kawaida), huo ni uokoaji wa zaidi ya shilingi milioni 3.3 kwa mwezi, bila kumwomba mtu yeyote chochote. Pia hakikisha upo katika kundi sahihi la bei, kwa kuwa uniti ya msongo wa kati ilipangwa shilingi 157 na ya kundi la T2, la wateja wakubwa wa msongo mdogo, shilingi 195.

Baada ya hapo una haki ya kudai. Bei mpya zinapoombwa, EWURA huitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya wadau, na maoni huweza kupelekwa kwa maandishi. Yapeleke kupitia Shirikisho la Viwanda (CTI) pamoja na majirani wa laini yenu, kila mmoja akiwa na daftari lake. Usidai umeme wa bure; hoji jambo mahsusi, kwa mfano ni sehemu gani ya gharama inayotokana na upotevu wa umeme njiani. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo hoja ya Tanga leo inahusu zaidi njia ya kuufikisha umeme kuliko kuuzalisha: laini, transfoma, na njia ya pili pale ya kwanza inapoanguka.

Malalamiko ya huduma huanzia TANESCO. Omba nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwani usiporidhika utaihitaji nakala hiyo huko EWURA, na baada yake katika Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji litakuelekeza namna ya kuandika, ila daftari uende nalo mwenyewe, na nakala yake ibaki kiwandani.