Choya: dawa imo kwenye rangi, usiipoteze kwenye kukausha

Choya kavu ya chai na juisi, au rozela kama wengine wanavyoiita, ikifika Kariakoo huwa ya aina mbili. Ipo nyekundu iliyokolea, ukifungua mfuko tu uchachu unakupiga puani. Ipo pia iliyogeuka kahawia, imefanana na majani makavu ya mwembe. Mara nyingi mbegu ilikuwa moja. Tofauti imetoka kwa mkulima. Nayo si tofauti ya sura tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya faida anayoifuata mnywaji imo kwenye ule wekundu.

Kinachokaushwa si ua. Ua la choya ni la manjano hafifu, hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Tunachovuna ni vikombe vinene vyekundu vinavyobaki vimelifunika kokwa la mbegu. Rangi yake ni anthosayanini, yaani kemikali za asili zinazoipa mimea wekundu na zambarau, na ukali wake ni wa asidi, ikiwemo ile ya limau. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha jaribio la watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo. Waliokunywa chai ya choya mara tatu kwa siku kwa wiki 6, namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kwa wastani wa 7.2 (mmHg), kwa waliopewa kinywaji cha kulinganishia ilishuka 1.3. Kwa hiyo inasaidia, lakini haichukui nafasi ya vidonge, na anayemeza vidonge vya presha amwambie daktari kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku. Ile habari ya "inaongeza damu" mimi siiungi mkono. Wekundu wa choya hauna uhusiano na damu. Mwenye upungufu wa damu aende akapimwe.

Turudi shambani. Choya hutoa maua mchana unapofupika. Dar es Salaam mchana wa Desemba una urefu wa kama saa 12 na nusu, wa Juni ni chini kidogo ya saa 12. Tofauti ni ndogo lakini mmea unaihisi. Ukipanda wakati wa vuli utapata miti mirefu yenye majani mengi, imekaa shambani miezi bila kukulipa. Panda masika yanaposhika, mwezi Machi, ili mavuno yaangukie kipupwe, mvua imekatika na upepo wa kusi unavuma. Mkaushaji hana rafiki mkubwa kuliko upepo huo.

Udongo wa kichanga wa Chanika au Kigamboni unafaa, mradi maji hayatuami. Weka mbegu 2 au 3 kila shimo, kisha punguzia ubaki mche mmoja, nafasi ya sentimita 60 hadi mita moja. Samadi kiasi, maana ukizidisha utavuna majani. Usipande palipotoka bamia: ni ndugu, na minyoo fundo ya mizizi inawashambulia wote wawili. Anayemwagilia kwa maji machafu ya Mto Msimbazi asiiite choya yake dawa.

Vuna kokwa likiwa bado kijani na kikombe kinavunjika kwa mkono, kama siku 15 hadi 20 tangu ua lifunguke. Ukisubiri kokwa likauke, kikombe kinakuwa kigumu na rangi inafifia. Toa kokwa siku hiyo hiyo kwa kipande cha bomba la chuma kilichonolewa upande mmoja: sukuma kutokea kwenye kikonyo, kokwa litoke na kikombe kibaki kizima. Osha kama kuna vumbi, chuja maji yote.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaimwaga juu ya turubai, juani, kando ya barabara. Jua kali na joto huvunja anthosayanini, na vumbi linamaliza kilichobaki. Tengeneza chanja ya wavu mita moja juu ya ardhi, chini ya paa, upepo upite juu na chini. Tandaza safu moja tu, geuza asubuhi na jioni. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo jioni ingiza ndani au funika. Ukiiacha nje usiku itanyonya tena unyevu ulioukausha mchana, na ukungu unaanzia hapo. Imekauka ikivunjika kwa mlio bila kupinda. Kilo 10 mbichi zitakupa takriban kilo moja, basi usishangae mizani ikisoma kidogo. Funga kwenye mifuko isiyopitisha hewa, weka gizani.

Mnunuzi akishuku kwamba umetia rangi, loweka kidogo kwenye maji, kisha dondoshea magadi. Anthosayanini hubadilika kuelekea bluu au kijani; rangi za dukani kwa kawaida hazifanyi hivyo. Asidi hiyo hiyo hula alumini, kwa hiyo wauza juisi wachemshie kwenye sufuria za chuma kisichoshika kutu. Na kwenye lebo andika choya kavu, tarehe na uzito. Ukiandika kwamba inatibu presha umeshaingia kwenye dawa, na dawa za asili zina usajili wake kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002.