Muhula Mmoja Kijijini Ufaransa: Mambo ya Kupanga Mapema

Anza na karatasi. Ikiwa viza yako ni ya VLS-TS (viza ya muda mrefu inayotumika pia kama kibali cha kuishi), ithibitishe mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu uingie Ufaransa. Ukichelewa, ukaaji wako si halali tena, na ukitoka eneo la Schengen (nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani) unaweza kuzuiwa kurudi. Beba pia cheti cha kuzaliwa. Utakihitaji kujiandikisha kwenye bima ya afya ya umma.

Kinachosumbua zaidi ni usafiri. Mabasi ya vijijini mara nyingi hufuata kalenda ya shule, kwa hiyo soma maandishi madogo chini ya ratiba. Safari iliyoandikwa “période scolaire” (kipindi cha masomo) haipo wakati wa likizo, ikiwemo ile ya wiki 2 ya Toussaint (Sikukuu ya Watakatifu Wote), kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Wageni wengi hukwama kituoni kwa kutoliona hilo. Penye “transport à la demande” (usafiri wa kuagiza) lazima uweke nafasi kwanza, mara nyingi siku moja kabla. Kabla hujasaini mkataba wa chumba, pima umbali hadi stesheni ya treni. Baiskeli yenye taa ni lazima, si anasa.

Chakula nunua Jumamosi: maduka mengi hufungwa Jumapili alasiri, mengine Jumatatu kutwa. Na ukiingia dukani, “bonjour” kwanza, ndipo uagize.